Mavazi ya Chomboni Wakati wa Mwera

1. Baridi ya mlimani na baridi ya ziwani

Katika mwezi wa Juni na Julai, mtu atokaye Makambako kwenda Njombe alfajiri huweza kuona nyasi za mabondeni zimegeuka nyeupe kwa sakitu. Watoto wa Kidugala huijua baridi hiyo tangu kuzaliwa. Huenda shuleni wamevaa sweta, mikono wameificha kwapani, na jioni hukaa karibu na moto. Basi mtoto wa namna hiyo akiambiwa kwamba wakati wa likizo atakwenda kumwamkia mjomba wake katika pwani ya Ziwa Nyasa, jambo la kwanza analolifikiri ni joto. Husema moyoni mwake, "Huko ni chini, huko watu huogelea kila siku. Sweta nitaiacha nyumbani."

Fikira hiyo ni kweli nusu. Mji wa Njombe uko juu ya bahari karibu meta 1,900, na uso wa Ziwa Nyasa uko juu ya bahari meta 475 hivi. Kwa kila meta 1,000 anazoshuka mtu, joto la hewa huzidi kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo msafiri apitaye Ludewa na kuteremka mpaka Lupingu au Manda hupata nchi yenye joto kupita kwao kwa nyuzi 8 au 9. Adhuhuri, akiwa amekaa mchangani, hana haja ya sweta kabisa.

Lakini mchangani ni mahali pamoja, na ndani ya mtumbwi ni mahali pengine. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilometa 550 kutoka kaskazini hata kusini, na kina chake mahali penye kina kikubwa ni karibu meta 700. Tangu Mei hata Agosti huvuma upepo wa kusi mashariki, ambao watu wa ziwani huuita mwera. Kwa kuwa ziwa limelala kaskazini na kusini, upepo huu hulipita kwa urefu wake, nao husukuma mawimbi kwa mamia ya kilometa bila kizuizi. Yafikapo upande wa kaskazini, karibu na Matema, mawimbi hayo huwa yamekua makubwa. Pengine mwera huvuma siku moja ukatulia, na pengine huvuma siku tatu au nne mfululizo.

David Livingstone aliliona ziwa hili mwaka 1859, na mwaka 1861 alirudi akasafiri juu yake kwa mashua ndogo. Yeye na wenzake walipatwa na dhoruba nyingi hata akaliita Ziwa la Dhoruba. Hata meli kubwa hazikusalimika. Mwezi wa Julai mwaka 1946 meli mpya iitwayo Vipya ilizama katika tufani upande wa magharibi wa ziwa, na watu zaidi ya 100 wakafa. Ikiwa mwera waweza kushinda meli ya chuma, msafiri wa mtumbwi hapana budi ajitayarishe kabla hajapanda, na sehemu moja ya kujitayarisha ni mavazi.

2. Jinsi mwili upotezavyo joto

Mwili wa mtu mzima wa afya una joto la nyuzi 37, iwe kwao ni mlimani au pwani. Joto hilo hutokana na chakula, nalo hutoka mwilini kila saa. Mtu akilipoteza upesi kuliko anavyolifanya, hupata baridi. Chomboni joto hupotea kwa njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni upepo. Kuizunguka ngozi ya kila mtu kuna hewa kidogo iliyopashwa moto na mwili wenyewe, nayo ni kama blanketi jembamba lisiloonekana. Upepo ukivuma huichukua hewa hiyo na kuleta nyingine baridi mahali pake, na mwili hulazimika kuipasha hiyo nayo. Ndiyo sababu asubuhi tulivu haiumi kama asubuhi yenye upepo, ijapokuwa joto la hewa ni lile lile.

Njia ya pili ni kukauka kwa maji. Mwanafunzi na alowanishe mkono mmoja kwa maji ya vuguvugu, na mkono wa pili auache mkavu. Kisha asimame mlangoni penye upepo. Ataona mkono uliolowa unapata baridi mara moja, ingawa maji yenyewe yalikuwa ya vuguvugu. Sababu yake ni kwamba maji hayawezi kugeuka mvuke pasipo joto, na joto hilo huyachukua katika ngozi. Mtu aliyevaa nguo zilizolowa katika upepo huvuliwa joto lake namna hiyo mwili mzima.

Njia ya tatu ni kugusana na maji. Maji huchukua joto la mwili upesi mara 20 na zaidi kuliko hewa. Katika miezi ya mwera maji ya juu ya Ziwa Nyasa huwa na nyuzi 23 hivi. Mtu anayeoga kwa dakika kumi huyaona mazuri. Lakini chombo kikipinduka, naye akashikilia ubavu wake kwa saa nyingi, maji hayo hayo humpunguzia joto kidogo kidogo hata vidole vikashindwa kushika. Ni kweli kwamba hafi upesi kama mtu aliyetumbukia katika bahari za kaskazini, lakini anayengoja kuokolewa usiku kucha yumo hatarini.

3. Pamba, sufu, na nguo za viwandani

Nguo yenyewe haina joto. Kazi yake ni kushika hewa kati ya nyuzi zake, ili hewa ile iliyopashwa moto na mwili isiondoke. Kwa hiyo nguo nzuri ya baridi ni ile iwezayo kuendelea kushika hewa hata ikipatwa na maji.

Shati la pamba, fulana ya pamba na suruali ya kitambaa cha jinzi ni nguo njema nchi kavu. Lakini pamba hunywa maji mengi, nyuzi zake hulala pamoja, hewa hutoka, na nguo hugandamana na ngozi. Tena hukawia sana kukauka. Mvuvi aliyelowa akiwa amevaa jinzi saa tatu za usiku huenda akarudi alfajiri nguo ingali mbichi.

Sufu, yaani manyoya ya kondoo, ni tofauti. Nyuzi zake zimejikunja, hazilali sawasawa, kwa hiyo hata zikilowa hubakiza nafasi za hewa. Tena sufu yaweza kunywa unyevu mwingi kabla mvaaji hajauona ubichi. Hii ndiyo sababu wavuvi wa bahari za Ulaya walivaa sweta nzito za sufu kwa vizazi vingi.

Siku hizi ziko pia nguo za viwandani zilizofanywa kwa nyuzi za plastiki, laini kama manyoya, ambazo hupatikana kwa wingi katika marundo ya mitumba sokoni Makambako na Njombe. Nyuzi zake hazinywi maji ila kidogo sana. Mtu akiivua nguo hiyo na kuikamua, maji mengi hutoka, naye aweza kuivaa tena. Lakini ina hasara mbili: upepo huipenya kwa urahisi, na moto huiyeyusha. Mwenye kuivaa asikae karibu na jiko wala taa ya moto.

Mwenye kutaka kuhakikisha maneno haya na atwae chupa tatu zilizo sawa, azijaze maji ya moto yaliyo sawa. Ya kwanza aizungushie kitambaa cha sufu kilicholowa, ya pili kitambaa cha pamba kilicholowa chenye unene ule ule, na ya tatu kitambaa cha sufu kikavu. Kisha aziweke zote penye upepo kwa muda wa nusu saa, halafu azifungue na kuzigusa. Mkono wake utamfundisha zaidi ya kitabu.

4. Nguo tatu zenye kazi tatu

Watu wengi hudhani kwamba koti moja zito latosha. Lakini mabaharia wenye maarifa huvaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, kila moja na kazi yake.

Nguo ya ndani, iliyo karibu na ngozi, kazi yake ni kuondoa jasho. Mpiga kafi hutoka jasho hata katika baridi, na jasho likikaa kwenye ngozi humwumiza akipumzika. Yafaa fulana nyepesi isiyo ya pamba, kama zile za wachezaji wa mpira.

Nguo ya kati kazi yake ni kushika hewa. Hapa ndipo mahali pa sweta ya sufu. Isimbane mvaaji, maana ikibana hakuna nafasi ya hewa, wala isipwaye mno.

Nguo ya nje kazi yake ni kuzuia upepo na rasharasha za mawimbi. Yafaa koti la mvua jepesi lenye kofia yake, liwezalo kufungwa vizuri shingoni na viwikoni. Zamani mabaharia wa Uingereza walipaka kitambaa mafuta ya kitani ili maji yasipite. Wawindaji wa Greenland wa zamani, waliowinda katika mitumbwi myembamba kati ya barafu, walishona joho la ngozi ya sili, wakalifunga katika ukingo wa tundu la mtumbwi hata maji yasiweze kuingia kabisa. Watu hao hawakuwa na viwanda. Walitazama hatari yao, wakatumia kile walichokuwa nacho. Vivyo hivyo, mtu wa ziwani asiye na koti la mvua aweza kutoboa tundu la kichwa na matundu mawili ya mikono katika mfuko mkubwa wa plastiki, akauvaa juu ya sweta. Hauna uzuri, bali huzuia upepo. Lakini mfuko huo haufai kumvalisha mtoto mdogo, usije ukamziba pumzi.

Faida ya kuvaa namna hii ni kwamba mtu aweza kupunguza au kuongeza. Anapopiga kafi kwa nguvu huvua moja, na tanga likitwekwa, naye akakaa kimya, huivaa tena. Asingoje mpaka atetemeke, maana aliyekwisha kutetemeka vidole vyake havifungi vifungo vizuri.

5. Kichwa, mikono na miguu

Kichwa na shingo vikiachwa wazi hupoteza joto kama sehemu nyingine yoyote iliyo wazi, na ni vyepesi kufunikwa. Kofia ya sufu ivutwayo mpaka masikioni haina bei kubwa, nayo yaingia mfukoni.

Mikono ni vyombo vya kazi. Nahodha ambaye vidole vyake vimekufa ganzi hawezi kufungua fundo la kamba ya tanga, na tanga lisilofunguliwa upesi upepo ukizidi hupindua chombo. Kwa hiyo aweke mikono yake katika joto kila apatapo nafasi, hasa kwapani.

Miguu hukaa katika maji ya ngamani. Wengi hupenda kwenda miguu mitupu, kwa kuwa wayo hushika vema mbao zilizolowa. Wengine huvaa ndara za mpira zenye kamba nyuma. Lakini viatu virefu vya mpira, kama vile wavaavyo wakulima shambani wakati wa mvua, havifai katika mtumbwi. Vikijaa maji humzuia mtu kuogelea, tena ni kazi ngumu kuvivua majini.

6. Nguo ziletazo hatari

Kuna maneno yasemwayo na wengi kwamba nguo zilizolowa humvuta mtu chini kama jiwe. Sivyo ilivyo. Maji yaliyo ndani ya nguo hayana uzito yakiwa ndani ya maji mengine. Shida ya nguo nzito ni kwamba huzuia mikono na miguu, na mtu anapotaka kupanda juu ya chombo, hapo ndipo uzito wote huonekana. Kwa hiyo aliyetumbukia asivue sweta yake kwa hofu, maana hata majini sweta husaidia kuzuia maji yasipitepite juu ya ngozi. Avue viatu vizito, ashike chombo, wala asikiache. Mtumbwi uliopinduka huelea, nao huonekana mbali kuliko kichwa cha mtu.

Nguo ndefu zenye ncha zinazoning'inia hunasa katika kamba na makafi. Mwanamume na asijitande shuka chomboni, bali avae nguo zilizofungwa. Wanawake wa Kikisi, ambao husafirisha vyungu vyao kwa mitumbwi kwenda kuviuza sokoni, hupanda pamoja na mizigo na watoto. Mama aliye chomboni afunge kitenge chake kwa namna ambayo chaweza kufunguliwa kwa mkono mmoja. Tena mtoto asifungwe mgongoni kwa fundo gumu, maana chombo kikipinduka mama huweza kuelea, na kichwa cha mtoto kikawa chini ya maji pasipo yeye kujua. Ni heri ampakate mbele.

Rangi nayo ina maana. Koti la buluu au la kijani kibichi halionekani kati ya mawimbi. Nyekundu, manjano na rangi ya chungwa huonekana mbali, na watafutao watu ziwani hushukuru wakiziona.

Juu ya nguo zote na ivaliwe jaketi la kujiokolea. Hilo humshikilia mtu aelee hata akichoka, nalo hukinga kifua na upepo. Lililo chini ya mizigo halifai kitu. Na livaliwe, lifungwe, kabla ya kuondoka ufuoni.

7. Nguo za akiba, na mwenye fedha kidogo

Mavazi bora kuliko yote chomboni ni yale ambayo hayajavaliwa bado, nayo ni makavu. Msafiri na aweke sweta moja, suruali moja na shuka moja katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, au katika mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, kisha aufunge ndani ya chombo kwa kamba. Wavuvi wa usipa, ambao huvua usiku kwa taa, hulowa saa nyingi kabla ya jua kuchomoza. Mwenye sweta kavu akifika ufuoni alfajiri huwa mtu mzima tena kwa muda mfupi.

Huenda mwanafunzi akasema kwamba vitu hivi vyote ni vya matajiri. Basi mwenye fedha kidogo na anunue kwa taratibu hii: kwanza jaketi la kujiokolea, pili sweta ya sufu hata ikiwa kuukuu, tatu kitu cha kuzuia upepo, nne kofia. Sweta kuukuu yenye viraka viwili hushinda koti jipya la pamba lililogharimu mara tano yake.

8. Dalili za baridi ya hatari

Mtu akianza kutetemeka, mwili unajaribu kujipasha moto, naye apewe nguo kavu na chakula upesi. Akianza kujikwaa maneno, akaangusha vitu, akasinzia au akasema mambo yasiyo na maana, hatari imekaribia. Na akiacha kutetemeka hali angali baridi, wasiojua hudhani amepona, kumbe nguvu zake zimekwisha.

Mtu wa namna hiyo aondolewe penye upepo, avuliwe nguo zilizolowa, alazwe, akaushwe, afunikwe shuka na mablanketi pamoja na kichwa, bali uso uachwe wazi. Mwenzake mwenye joto aweza kulala karibu naye. Kifua na tumbo vipashwe moto kwanza, wala mikono na miguu isisuguliwe kwa nguvu. Ikiwa ana fahamu na aweza kumeza, apewe chai yenye sukari nyingi. Kisha apelekwe zahanati.

Asipewe ulanzi wala pombe nyingine yoyote. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, damu yenye joto hukimbilia nje, na mnywaji huona anapata moto. Kwa kweli joto la ndani linatoka, na mwili unazidi kupoa. Wengi wamedanganywa na joto hilo la uongo.

Basi mtoto wa Kidugala ateremkaye ziwani wakati wa likizo na asiiache sweta yake. Mchangani ataibeba mkononi, na watoto wa pwani huenda wakamcheka. Lakini jua likishuka nyuma ya maji, mwera ukaanza kupiga kelele milimani, na mjomba akasema, "Haya, tupande tuvuke," wale waliocheka ndio watakaotamani kuazimwa.

Maswali

1. Kwa nini asubuhi yenye upepo huuma kuliko asubuhi tulivu?
2. Kwa nini mawimbi ya mwera huwa makubwa upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa?
3. Sufu ikilowa inashinda pamba kwa sababu gani?
4. Taja nguo tatu za baharia, na kazi ya kila moja.
5. Je, ni kweli kwamba nguo zilizolowa humvuta mtu chini? Eleza.
6. Mtu aliyepatwa na baridi kali ameacha kutetemeka. Utamfanyia nini, na ni kitu gani usimpe?